Majani Hukuyabadilisha

Jumatatu ile Don Evaristo hakuja. Ña Zunilda alikuwa amekwisha kumtwangia majani yake, kama alivyofanya kila alfajiri kwa miaka minne, na fungu lile la kijani lilikaa ukingoni mwa kinu mpaka likaanza kusinyaa. Saa kumi na moja na nusu ilipita. Saa kumi na mbili nayo ikapita. Mabasi yalitoka moja moja kwenye yadi iliyo ng'ambo ya barabara, hapo kilomita ya ishirini, Capiatá, na hakuna dereva hata mmoja aliyeteremka kuja kwenye kona yake.

Wateja wengine walipita tu, na hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Mwalimu wa shule ya msingi alipita upande wa pili, themosi ameibana kwapani kama kitu cha wizi. Fundi wa matairi aliinua mkono akasema, "Leo nimechelewa, Ña Zuni," kisha akasimama hatua hamsini mbele, kwenye meza ya muuza majani mwingine, akaanza kuzungumza naye taratibu kama mtu mwenye siku nzima.

Ña Zunilda alikuwa na meza moja, kinu kimoja, na mafungu thelathini ya majani yaliyofungwa kwa uzi. Hakuwa na kibao chenye jina. Kila aliyetaka majani ya kutia kwenye maji ya tereré, kinywaji baridi cha kila siku, alimjua. Na kila mtu alijua kwamba ukimwambia Ña Zuni kinachokuuma, kinaingia kinuni na kinaishia humo.

Saa moja alifika Ña Blásida, muuza mikate ya chipa, kapu lake kichwani.

"Umepata wangapi leo, shoga?"

"Wawili. Na mmoja si wa hapa, alikuwa anauliza njia."

"Na bado unashangaa?"

"Kwa nini nisishangae?"

Blásida alitua kapu, akajifuta jasho kwa kitambaa kilichofunika mikate. "Mtu anayeandika habari za watu mtandaoni hashangai watu wakimkimbia."

"Nani anayeandika? Mimi jina langu tu linanichukua dakika tano."

"Basi kuna Ña Zuni mwingine mwenye uso wako na kinu chako."

Alitoa simu mfukoni mwa aproni, akaielekeza kwake. Picha Ña Zunilda aliijua. Binti yake, Digna, aliipiga mwaka juzi: mama anacheka, mchi mkononi, jua limempiga upande mmoja wa uso. Alijua Digna ana ukurasa wake, blogu, na kwamba anaandika habari za majani. Alijua pia kwamba watu wetu walioko Buenos Aires na Madrid wanausoma, na jambo hilo lilikuwa limempa kiburi kidogo. Asichokijua ni kwamba ukurasa ule ulisema "mimi."

Blásida alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari:

"'Kuna mwanamume mmoja, nitamwita Ramón. Kila alfajiri anavuka barabara na shati lake la bluu lililopigwa pasi. Namtwangia jani la kwato na jani tamu. Haniambii kitu, nami simuulizi. Ananipa themosi, na mikono yake inatetemeka, kisha anakwenda kuwabeba watu sitini hadi mjini. Namtazama akiondoka, na ninamwombea.'"

Jani la kwato limepasuka katikati kama ukwato wa ng'ombe, na hakuna mtu Capiatá asiyejua ni la nini. Mtoto akitumwa kulinunua, jirani humuuliza njiani, "Nani ana sukari kwenu?"

"Ijumaa walimshusha kwenye basi," Blásida alisema. "Mke wa msimamizi alikuwa ameisoma habari hii. Walimtoboa kidole ofisini, makarani wakitazama. Sukari ilikuwa imepanda hadi mashine ikaandika herufi badala ya namba."

"Huyu anaitwa Ramón," Ña Zunilda alisema.

"Zuni, kampuni ina madereva ishirini. Kumi na tisa wanakunywa mnanaa."

Alipoondoka, Blásida aliacha chipa moja juu ya meza na hakungoja hela. Hilo lilimuuma Ña Zunilda kuliko maneno. Hakuwahi kupewa chipa ya bure tangu siku walipomzika mama yake.

&nbsp;

Nyumbani Digna alikuwa mezani, kompyuta mbele yake, feni ikimgeukia na kumwacha. Kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa ameandika kila Alhamisi bila kukosa. Alifuata somo moja la bure lililomfundisha kwamba mtandaoni asiyetambulika hasomwi: chagua sura moja, sauti moja, siku moja, mpaka msomaji akikuona kwa mbali aseme, ni yule. Sura yake mwenyewe aliiona ya kawaida, na sauti yake ilikuwa ya msichana aliyeomba kazi mahali kumi na kujibiwa mara mbili. Sura nzuri na sauti nzuri zilikuwa kwenye kona ya yadi ya mabasi. Alizichukua.

"Mama, kaa kwanza nikupe habari," alisema. "Ile kampuni ya majani ya chai wamejibu. Wanataka uso wako kwenye boksi. Jumamosi wanaleta mpiga picha."

"Mimi nimeshapata habari za leo." Ña Zunilda hakukaa. "Umemwandika Don Evaristo."

Tabasamu la Digna halikuondoka mara moja. Lilibaki pale likiwa halina kazi. "Sikumtaja. Nilimwita Ramón. Ninabadilisha majina siku zote, mama, na mitaa pia."

"Na majani, uliyabadilisha?"

Digna alishusha kifuniko cha kompyuta. Feni iligeuka, ikarudi.

"Nakuuliza. Jina umebadilisha. Majani hukuyabadilisha?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ningeweka majani mengine, wasomaji wangeona kosa. Wangesema Ña Zuni hajui kazi yake."

Kwenye bembea ya wavu chini ya dari ya baraza, Don Sinforiano, baba wa nyumba, alipunguza redio. "Kumbe nami nimo humo. Ndiyo maana watu wananipa pole ya mgongo mpaka kanisani," alisema. "Nilidhani natembea vibaya."

Digna alisukuma kiti nyuma.

"Lakini mama, yule mtu anabeba abiria sitini. Angezimia kwenye usukani je?"

"Hilo neno la kweli," alisema Ña Zunilda. "Ungekuja kuniambia mimi. Au ungevuka barabara ukamwambia yeye usoni. Wewe umewaambia watu wa Madrid." Alivua aproni, akaikunja mara mbili, tatu, mpaka ikawa ndogo. "Miezi miwili nimekuwa namsukuma aende kituo cha afya. Alikubali. Alikuwa amepata tarehe, Alhamisi hii hii. Angetoka huko na karatasi, akaenda kwa wakubwa wake kwa miguu yake, akasema: ninaumwa, ninatibiwa. Sasa amepelekwa kama mwizi wa kuku."

Baada ya chakula, Digna alitayarisha tereré kama kila siku: themosi ya maji ya barafu, pembe ya ng'ombe iliyojaa majani makavu ya yerba, mrija wa chuma. Yeye ndiye aliyemimina katika nyumba ile. Mtu hunywa, hurudisha pembe kimya, na zamu humrudia tena na tena. Neno asante halisemwi mpaka mtu ametosheka. Akilisema amejitoa, hapewi tena. Ña Zunilda alikuwa mtu wa pembe saba, nane siku ya joto, na siku ile ilikuwa ya joto.

Alikunywa moja. Akarudisha pembe.

"Asante," alisema.

Don Sinforiano aliisimamisha bembea kwa mguu. "Moja tu, Zuni?"

"Asante," alirudia, akaenda uani kuanika majani yaliyokuwa yamekwisha kukauka.

&nbsp;

Siku iliyofuata walikwenda kwa Don Evaristo. Digna hakuambiwa afuate; alichukua mfuko kutoka mkononi mwa mama yake, na mama hakukataa. Ña Zunilda alipiga makofi matatu ya hodi nje ya lango, akangoja, akapiga tena. Alitoka Ña Obdulia, mke wa dereva, mikono ina povu la sabuni. Hakufungua lango, wala hakutazama upande wa viti vilivyopangwa barazani.

"Mume wangu amelala."

Kupitia dirishani walimwona ameketi, kisogo chake kimewaelekea, mbele ya televisheni iliyozimwa. Shati la bluu lilikuwa kwenye kamba ya nguo, limefuliwa, likichuruzika maji.

"Nimekuja kuomba radhi, Ña Obdulia."

"Mbele ya nani? Ulimsema mbele ya watu elfu arobaini. Leo umekuja na wangapi?"

"Nimekuja na binti yangu."

"Haya." Obdulia alishika fito za lango, na povu likateremka juu ya kutu. "Miaka minne anakuja kwako, Ña Zuni. Mimi mkewe alinificha, wewe ukajua. Lingekuwa jambo la wivu, ningeona wivu. Lakini unajua mimi nimelijuaje? Dada yangu amenipigia simu kutoka Buenos Aires. Ananiuliza, 'Obdulia, yule Ramón si Evaristo?' Dada yangu amepika kwenye nyumba za watu miaka kumi na mmoja, hajui hata rangi ya mlango wangu mpya, na ndiye anayenieleza ugonjwa wa mume wangu."

Digna alimtazama mama yake. Sasa atasema, aliwaza. Alijiandaa kulipokea jina lake.

"Limetoka mezani kwangu," alisema Ña Zunilda. "Linalotoka mezani kwangu ni langu."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Sina jibu la kukupa."

"Hata la uongo?"

"Hata hilo."

Mfuko wa majani Digna aliupitisha juu ya lango, na Obdulia akaurudisha kwa vidole viwili. "Ondoka nao. Watu wakiuona watahesabu kilichomo."

Walikuwa wameshapita ukuta wa kanisa ndipo Digna alipouliza, "Kwa nini hukumwambia ni mimi?"

"Ningesemaje? Kwamba uso ni wangu, kinu changu, jina langu, ila mdomo si wangu? Nani angeamini? Blásida aliponisomea, mimi mwenyewe nilijisikia nikisema." Ña Zunilda alihamisha mkoba bega moja hadi jingine. "Umeniiga vizuri. Hata lile la kuomba. Ni kweli nilikuwa namwombea. Sijui ulijuaje."

&nbsp;

Digna aliifuta makala ile, lakini ilikuwa imekwisha kunakiliwa na kutumwa huku na huko, na kuifuta kulikuwa kama kufagia uwanja upepo ukivuma. Chini ya picha ya mama yake maoni yaliendelea kuingia. Mwanamke mmoja wa Madrid, ambaye hakukosa Alhamisi hata moja, aliandika: "Ña Zuni, siku nzima nasafisha vyoo vya watu. Nikikusoma nasikia harufu ya nyumbani. Usituache." Kampuni ya chai nayo iliandika: "Jumamosi saa tatu. Tafadhali avae aproni ile ile."

Alhamisi mchana, mtaa mzima umelala, alikaa kuandika. Kwanza aliandika radhi kwa sauti ya mama yake. Ilimtoka bila shida: Ña Zuni anakiri kosa la uzee, anamwombea Ramón, anawaomba watoto wake walioko mbali wamsamehe. Alisoma alichoandika, na macho yakamlowa. Wangelia wote. Wangerudi mara mbili zaidi ya waliokuwapo, na Jumamosi mpiga picha angekuja. Aliona jinsi ilivyokuwa nzuri, akaogopa, akaifuta yote.

Halafu akaandika nyingine, iliyomchukua saa mbili ingawa ilikuwa fupi. Alipomaliza alikwenda jikoni.

"Mama, nataka kukusomea kitu."

Ña Zunilda aliendelea kumenya muhogo. "Soma."

"'Mimi ni Digna Rotela. Nina miaka ishirini na saba. Ña Zunilda hakuandika hata neno moja kati ya mliyoyasoma humu. Uso ni wake, kinu ni chake, maneno ni yangu. Sikumwuliza. Mama yangu hajui kusoma, na hakujua nilichokuwa nasema kwa jina lake. Katika miaka yake yote kwenye kona ile hajawahi kumsema mteja. Niliyemsema ni mimi. Sura yake naiondoa leo.'"

Kisu kilisimama. "Hapo umesema sijui kusoma."

"Nitafuta."

"Usifute. Nasoma. Andika: taratibu."

"'Mama yangu husoma taratibu.'"

"Sawa." Kisu kikarudi kazini. "Na utaweka uso gani?"

"Wangu."

Don Sinforiano ndiye aliyeipiga picha, uani, kwa simu. Alipiga moja tu, na kidole chake kikaingia pembeni kama nguzo ya nyama. Digna anaonekana amekunja uso kwa jua, nyuma yake kamba ya nguo. Hakumwomba arudie. Aliiweka mahali palipokuwa na kicheko cha mama yake, akabonyeza.

Majibu hayakungoja jioni. Tapeli. Mnyonya damu ya mamake. Tumemlilia bibi ambaye hayupo. Hesabu ya wafuasi ilishuka mbele ya macho yake kama maji ya tangi lililopasuka. Yule mwanamke wa Madrid aliandika mstari mmoja tu: "Kwa hiyo mimi nilikuwa nazungumza na nani?" Digna alianza kumjibu mara nne, na mara zote nne hakumaliza.

Kampuni ya chai ilikuwa ya mwisho. "Wameandika nini?" aliuliza Don Sinforiano.

"'Asante sana kwa muda wako.'"

"Wamesema asante?" Mzee alijilaza tena kwenye bembea. "Basi wamejitoa."

&nbsp;

Kwenye kona habari ilifika kwa mdomo wa Ña Blásida. Aliisoma kwa sauti kwenye foleni ya chipa, asubuhi tatu mfululizo, akiongeza mkazo mahali pa kuongeza mkazo, na hakuacha lile neno taratibu. Wateja walirudi, si wote. Fundi wa matairi alirudi akiwa na maneno mengi kuliko kawaida. Mwalimu hakurudi, aliendelea kupita upande wa pili, ila sasa alisalimia.

Digna alikuwa mezani kila alfajiri. Mama yake alimwambia mara moja tu: "Majina ya majani unayo. Sasa yatie mikononi." Viganja vilimtoka malengelenge, yakapasuka, yakawa magumu. Alhamisi zilipita bila kuandika. Mwanzoni alizihesabu.

Wiki ya tatu, saa tatu asubuhi, Don Evaristo alivuka barabara. Hakuwa na shati la bluu. Alivaa fulana kuukuu ya timu ya mpira na viatu vya plastiki vilivyolowa, kwa maana kampuni ilikuwa imemweka kuosha mabasi mpaka apimwe tena. Themosi aliishika kwa mkono mmoja, mbele yake, mahali pa kuonekana na kila mtu. Watu watatu waliokuwa kwenye foleni walianza kutazama simu zao.

"Ña Zuni."

"Don Evaristo."

"Daktari amenipa vidonge. Anasema majani ninywe nikipenda, lakini vidonge nisiache."

"Daktari amesema vizuri."

"Basi nitilie ya kawaida."

Ña Zunilda aliinama karibu, akapunguza sauti. "Ile ya..."

"Itaje tu, mama. Siri imekwisha. Sukari ndiyo haijaisha."

Mmoja kwenye foleni alicheka, kisha akajuta. Ña Zunilda hakutaja kitu. Aliuchukua mchi, akaupitisha kwa binti yake.

Digna alitwanga. Jani la kwato, jani tamu, na mnanaa kidogo juu. Alijua kwamba anatazamwa, na hakuinua macho.

"Ni wewe uliyeandika kwamba mikono yangu inatetemeka?"

"Ni mimi, Don Evaristo."

"Ilikuwa baridi. Mwezi wa saba, alfajiri, bila sweta. Hapo ulikosea."

"Na mengine?"

"Mengine ulipatia." Alipokea themosi yake, akaikaza kifuniko. "Ndiyo maana sijakusamehe."

Lakini hakuondoka. Basi aliloosha lilikuwa likikauka, na alikuwa na dakika kumi. Aliketi kwenye benchi karibu na meza, akatoa pembe yake na yerba, akamimina, akanywa ya kwanza mwenyewe. Ya pili alimpa Ña Zunilda, naye akanywa, akarudisha. Ya tatu aliimimina polepole mpaka ukingoni. Kisha akanyoosha mkono kwa Digna, huku yeye mwenyewe akitazama yadi, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba mabasi yake yote yapo.

Digna alifuta mikono kwenye aproni, akaipokea. Maji yalikuwa baridi sana, machungu, na chini ya uchungu kulikuwa na utamu wa lile jani. Alikunywa mpaka mrija ukalia. Neno likamjia, lile ambalo mtu yeyote aliyelelewa vizuri angelitamka mahali kama pale, na alikuwa na kila sababu ya kulisema. Lilikuwa limeshafika ulimini. Alilimeza, akairudisha pembe kimya.